Kabla Hujafungua RB

Hapa Moshi mtu akikopeshwa laki nane halafu akaanza kuzima simu, aliyemkopesha anawaza sehemu moja tu: polisi. Atafungua RB, yaani kuandikisha lalamiko kwenye kitabu cha taarifa cha polisi, atalipa bodaboda kwenda kumsaka mdaiwa Kiboriloni na Himo, kesho atarudi kituoni na keshokutwa tena, mwezi utakatika na hela hajaiona. Nimewaona wenye maduka wakifanya hivyo, nimewaona walimu, nimewaona wazee wa kanisa. Nina steshenari jirani na mahakama. Kazi yangu ni kuchapa na kutoa kopi, na baadaye nikasomea usaidizi wa kisheria, kwa hiyo karatasi nyingi za watu hupita mikononi mwangu kabla hazijamfikia karani. Jambo linaloniuma ni moja. Haki nyingi za watu wa huku zinapotea kwa sababu mwenye haki aligonga mlango usio wake, akakaa pale kusubiri, na mlango wake halisi ukafungwa huku yeye yuko kwenye foleni nyingine.

Arusha na Moshi tumezoea kusikia habari za mahakama kubwa. Kuanzia 1995 hadi 2015 Arusha ilikuwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda, na mpaka leo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hukohuko, pamoja na Mahakama ya Afrika Mashariki. Lakini mtu wa kawaida anayekuja kwangu na bahasha ya kaki hana habari na hizo. Ana mgogoro wa mpaka, ana mirathi ya baba, ana mume aliyehama nyumbani, ana bosi aliyemwambia Jumatatu usije. Hayo yote ni madai.

Turudi kwenye deni, maana ndipo kosa linapoanzia. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri dhidi ya mtu. Mwisho wake ni kifungo, faini au kuachiwa huru, na faini ikilipwa inaingia serikalini. Kesi ya madai ni ya mtu na mtu, au mtu na kampuni, au mtu na serikali, na inachotafuta ni kurudisha: ulipwe, urudishiwe, utambuliwe kuwa mwenye mali, au mwenzako azuiwe kufanya jambo fulani. Hata uzito wa ushahidi ni tofauti. Kwenye jinai upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha pasipo kuacha shaka. Kwenye madai hakimu anaangalia upande upi maelezo yake yanaelekea zaidi kuwa kweli, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayedai. Ndiyo maana dereva anaweza kuachiwa huru kwenye kesi ya usalama barabarani, kisha kwa ajali ileile akaamriwa amlipe majeruhi fidia.

Polisi wakilipokea deni lako, mara nyingi huliita kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Kosa hilo lipo kwenye Kanuni ya Adhabu, lakini linahitaji uongo kuhusu jambo lililokwishatokea au lililopo wakati mnazungumza. Mtu akikuuzia kiwanja cha Pasua akisema ni chake, kumbe ni cha mwingine, hapo kuna jinai. Aliyekuambia “nitakulipa mwezi wa nane nikivuna” na mwezi wa nane ukapita, huyo amevunja ahadi. Kuvunja ahadi ni mkataba, na mkataba unadaiwa mahakamani. Ukimweka mahabusu siku mbili anaweza kuahidi chochote ili atoke, na akishatoka mnarudi palepale.

Mlango wa deni kama hilo ni Mahakama ya Mwanzo. Inasikiliza madeni ya mikataba yasiyozidi shilingi milioni 30, inaendeshwa kwa Kiswahili kama ilivyokuwa tangu zamani (2021 sheria ilirekebishwa Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini), na huhitaji wakili kufungua shauri. Unaweza kufika ukaeleza kwa mdomo, dai lako likaandikwa. Kiasi kikizidi unapanda Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama makubaliano ya mdomo ni mkataba. Ndiyo, ni mkataba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka watu waliofikisha miaka 18 na wenye akili timamu, waliokubaliana kwa hiari yao, juu ya jambo halali, na kila mmoja awe anatoa kitu kwa mwenzake. Fundi wa Majengo anayepokea kitambaa na nusu ya hela ana mkataba. Dereva wa Fuso aliyepatana kushusha ndizi za Mwika hadi Arusha ana mkataba. Ugumu unakuja kwenye kuthibitisha, kwa sababu hakimu hakuwepo mlipokuwa mnapatana. Hapo ujumbe wa muamala wa simu unaokoa watu, na mazungumzo ya WhatsApp pia. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ushahidi wa aina hiyo hauwezi kukataliwa kwa sababu tu uko kwenye simu. Tafadhali usifute. Watu hufuta mazungumzo kwa hasira, wakati ndani yake mdaiwa alishaandika “naomba univumilie hadi tarehe tano”, na sentensi hiyo moja ni kukiri deni.

Na wewe unayesaini kama mdhamini kwenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, kwa kuwa ni jirani yako na hutaki aone umemnyima: kisheria wajibu wa mdhamini ni sawa na wa mkopaji mwenyewe, isipokuwa kama mkataba unasema vingine. Mkopeshaji halazimiki kummaliza mkopaji kwanza ndipo aje kwako. Soma hiyo karatasi kabla ya kusaini, na kama kuna haraka sana ya kukusainisha, uliza kwa nini.

Muda wa kudai chini ya mkataba ni miaka 6 tangu ulipovunjwa. Inasikika mingi, lakini ya ndugu na marafiki huisha haraka, kwa sababu tunaoneana haya.

Ardhi ndiyo inayojaza benchi langu. Mwanao akikua Kilimanjaro anajua kihamba ni nini kabla hajajua hati ni nini: ni migomba na kahawa, ni nyumba ya babu, ni makaburi ya wazee. Mpaka unaonyeshwa kwa misale, na jani la msale hilohilo ndilo linalobebwa mtu anapokwenda kuomba msamaha. Kwa wengi wetu mti huo una nguvu kuliko bikoni ya Mpima. Sheria haiupuuzi. Mpaka wa miti unaojulikana na majirani ni ushahidi mzuri sana. Taabu ni pale ardhi inapobadilisha mikono na karatasi ikawa ndiyo hii niliyowahi kuletewa kutoka Uru.

Ilikuwa karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne hadi mikunjo ikatoboka. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu kwamba fulani amemuuzia fulani sehemu ya kihamba chake “kuanzia msale wa juu hadi mfereji, na upande wa kushoto hadi kwenye mparachichi”. Hakuna ukubwa. Bei ipo, imeandikwa kwa tarakimu tu, na sifuri moja imepitiwa na kalamu nyingine. Kuna dole gumba la muuzaji, na mashahidi wawili ambao wote walitoka upande wa mnunuzi. Mke wa muuzaji hayupo popote. Muhuri wa kijiji haupo. Muuzaji alishafariki, mparachichi ulishakatwa, na aliyeileta ni mtoto wa mnunuzi. Akaniambia, “Dada, nichapie hii vizuri, tarehe uweke ileile ya zamani, halafu nitamwona mwenyekiti atupigie muhuri.” Nilikataa. Karatasi ile mbovu, ikiwa ya kweli, bado ni ushahidi, na mashahidi wakiwa hai wanaweza kusimama nayo. Ukiichapa upya kwa tarehe ya nyuma unatengeneza nyaraka ya kughushi, na hapo ndipo kesi ya madai inapogeuka ya jinai, tena dhidi yako. Aliondoka amenuna, lakini karatasi yake aliondoka nayo nzima.

Sheria mbili kubwa ni Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5, zote za 1999. Ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Sisi tunamiliki haki ya kuitumia, iwe kwa hati ya mjini au kwa kimila kijijini. Ardhi ya kijiji haiuzwi kwa mwenyekiti wa kitongoji kupiga muhuri nyumbani kwake jioni. Halmashauri ya kijiji inatakiwa kuridhia, na uamuzi huo uwe kwenye muhtasari wa kikao. Mjini, kabla hujatoa senti, fanya upekuzi kwenye ofisi ya Msajili wa Hati ujue mwenye jina ni nani na kama kuna benki imeshikilia. Nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, hilo liko kwenye Sheria ya Ndoa na kwenye Sheria ya Ardhi pia. Na mkataba wenu ulipiwe ushuru wa stempu, maana usiolipiwa unaweza kukataliwa kupokelewa kama kielelezo siku utakapouhitaji kuliko siku zote.

Kuna kitu kimoja nitakirudia hadi kieleweke. Mabaraza ya kata hayana tena mamlaka ya kuamua kesi za ardhi. Tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Lakini ni lazima upite pale: Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitakusikiliza bila kuonyeshwa kwamba baraza la kata lilijaribu kuwapatanisha likashindwa, au kwamba siku 30 zimepita bila suluhu. Kuna watu wanakuja wakiwa wamelipa nauli toka Rombo na Marangu, wamefika wilayani, wanarudishwa kwa kukosa karatasi hiyo moja. Kuna wengine wamekaa na “hukumu” ya kata iliyoandikwa baada ya mabadiliko hayo, wanaamini wameshinda. Wilayani mtu akishindwa anakwenda Mahakama Kuu, na Moshi tunayo hapahapa, kisha Mahakama ya Rufani.

Muda wa kudai ardhi ni miaka 12. Huu ndio unaowaumiza watoto wa Kilimanjaro walioko Dar es Salaam na Mwanza, wanaorudi Desemba, wanaona kaka kasogeza mpaka, wanasema “tutaongea mwakani”. Kwa ardhi aliyoiacha marehemu, miaka hiyo huanza kuhesabiwa tangu siku ya kifo. Upande wa pili, aliyekaribishwa tu akae, mjomba aliyepewa kona ajisitiri, hageuki kuwa mwenye mali hata akae miaka mingapi. Mahakama zetu zimelisema hilo mara nyingi. Kwa hiyo ukimkaribisha mtu andika kwamba umemkaribisha, na wewe uliyekaribishwa usijenge ghorofa kwa imani.

Kutoka kwenye kihamba kwenda kwenye mirathi ni hatua moja. Mama mmoja wa hapa mjini alikuja na shemeji zake wawili kuchapisha muhtasari wa kikao cha ukoo. Karatasi ilishaandikwa kwa mkono na ilisema wanaukoo kwa kauli moja wamempendekeza mdogo wa marehemu kuwa msimamizi wa mirathi. Chini kulikuwa na orodha ya mali, na katika orodha ile ilikuwamo nyumba ambayo yeye na mumewe walijenga pamoja. Nilipomaliza kuchapa shemeji akamsogezea kalamu. Mama akanigeukia akauliza, “Dada, nikisaini hapa nitakuwa nimesema nini?” Nikamsomea taratibu. Nikamweleza kuwa atakuwa amekubali huyu awe msimamizi, na kwamba msimamizi hapewi mali, anakabidhiwa kazi: kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa warithi, kisha kurudi mahakamani na hesabu. Nikamwambia pia halazimiki kusaini asichokubali, na kwamba mahakama itatoa tangazo, mwenye pingamizi atasikilizwa. Mama akaiweka kalamu mezani. “Shemeji, naomba nikaisome na watoto,” akasema, basi. Hakukuwa na kelele.

Watu wengi hawajui kwamba Tanzania haina sheria moja ya kurithi. Zipo tatu, na kifo kilekile huleta hesabu tatu tofauti. Kwa Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo bado inatumika kwetu, mjane mwenye watoto anapata theluthi na watoto theluthi mbili. Kwa sheria ya Kiislamu mjane mwenye watoto anapata thumuni. Kwa sheria ya kimila iliyotangazwa 1963 kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, Tangazo la Serikali namba 436, mjane hana fungu akiwa mumewe ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Mahakama huangalia namna marehemu alivyoishi ndipo iseme sheria ipi itumike. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi za kimila na za Kiislamu. Hapa kwetu Wakristo wengi hufungua Mwanzo kwa kuwa ni karibu na ni nafuu, bila kujua kwamba kwa kufanya hivyo wameweka suala lao kwenye njia ya kimila. Mjane aliyefunga ndoa kanisani, akaishi mjini na mumewe miaka yote, anastahili kuulizwa kwanza kabla ya kupelekwa njia hiyo.

Siwezi kuandika hayo kwa moyo baridi. Sheria iliyoandikwa 1963 inayomwambia mwanamke kwamba fungu lake ni huruma ya watoto haifai kubaki kitabuni. Na mahakama zetu zenyewe zimeshaanza kuipasua. Mwaka 1990, katika shauri la Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory kutoka Kagera, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alikataa mila iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoachiwa na baba yake kwa wosia, akasema inapingana na Katiba. Miaka tisa baadaye Sheria ya Ardhi ikaandika wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume, na ile ya vijiji ikabatilisha mila inayomnyima. Binti anayeambiwa kwenye kikao kwamba “wewe utaolewa, kihamba si chako” ana la kujibu.

Kuhusu mjane kuna hatua nyingine inayosahaulika. Kabla ya kugawa mali ya marehemu, ijulikane kwanza ipi ilikuwa ya marehemu. Nyumba mliyojenga wawili haiwi yote ya mmoja kwa sababu amefariki. Hapa sheria ya ndoa inaingia. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja ndoa inapovunjwa, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani, kupika, kulea, kutunza mji, ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgawo kwenye shauri lile, lakini maelfu ya wanawake waliomfuata wameingia mahakamani wakiwa wamesimama juu ya jina lake. Anayetaka talaka hupitia kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, isipokuwa kwa sababu maalumu kama mwenzi kutoweka. Na wale ambao hawakufunga ndoa lakini wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana na watu kama mume na mke, sheria inadhania kuwa ni wanandoa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hata ikithibitishwa kwamba hawakuoana, mwanamke na watoto wanaweza kupewa matunzo na haki nyingine.

Kama hutaki haya yote yawakute wanao, andika wosia. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanaandika na kutunza. Muislamu anakumbuka kwamba wosia wake hauvuki theluthi ya mali. Andika ukiwa na afya, na mashahidi wasiwe warithi.

Sheria ya madhara nitaipitia kwa kifupi, si kwa sababu ni ndogo, ila kwa sababu sehemu kubwa yake haimo kwenye kitabu kimoja. Tuliirithi kutoka kwa majaji wa Kiingereza, na tarehe yake ya kupokewa ni 22 Julai 1920. Inahusu mtu aliyekuumiza bila ya kuwa na mkataba na wewe: bodaboda aliyekugonga, mbwa wa jirani, mfereji ulioelekezwa kwenye msingi wa nyumba yako, aliyekuita mwizi kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Kanuni yake maarufu ya uzembe ilitoka Uskochi, kwenye kesi ya Donoghue na Stevenson ya 1932, kwa mwanamke aliyedai kwamba alikunywa soda ya tangawizi yenye konokono aliyeoza ndani ya chupa. Soda hakuinunua yeye, ilinunuliwa na rafiki yake, kwa hiyo hakuwa na mkataba na mtu. Majaji wa Bunge la Mabwana la Uingereza wakasema mtengenezaji anawajibika kwa yeyote ambaye angepaswa kuona kwamba anaweza kuumizwa na uzembe wake.

Kwa majeruhi wa barabarani la msingi ni hili: faini ya dereva haikulipi wewe. Chombo cha moto kinatakiwa kuwa na bima ya mtu wa tatu, na mtu huyo wa tatu ni wewe. Tunza PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), risiti za hospitali, namba ya chombo na jina la bima yake. Ukomo wa madai ya madhara ni miaka 3.

Ukomo mfupi kuliko yote uko kwenye kazi, na huku kwetu unawakata wengi, kwa sababu kazi zetu ni za mlimani, za hoteli na za mashamba, nyingi hazina karatasi. Mgumu anayebeba mizigo Kilimanjaro msimu hadi msimu kwa kampuni moja, mhudumu wa hoteli aliyeambiwa apumzike kwanza, anakaa nyumbani akisubiri kuitwa. Anayelalamikia kuachishwa isivyo halali anapewa siku 30 kufikisha lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Madai mengine ya kazi, kama mishahara, ni siku 60. Ukichelewa unaomba kuongezewa muda na lazima ueleze sababu za maana. Nadhani siku 30 ni chache mno kwa mtu aliyepoteza kazi na hajui hata kama amefukuzwa au amepumzishwa. Lakini ndizo zilizopo, kwa hiyo hesabu kuanzia siku ile ile. Kutokuwa na mkataba wa maandishi hakukufungi mdomo: wajibu wa kukupa maelezo ya kazi kwa maandishi ni wa mwajiri, na akishindwa kuyatoa mbele ya Tume, mzigo unamrudia yeye.

Ukiwa unaidai serikali, iwe kuu au halmashauri, unatoa kwanza notisi ya siku 90, na shauri linafunguliwa Mahakama Kuu.

Sasa tuseme umepita milango yote sahihi na umeshinda. Wengi hudhani hapo hela inakuja. Haiji. Usiporidhika na uamuzi wa Mwanzo una siku 30 za kukata rufaa, na mwenzako anazo hizohizo. Zikipita, unarudi kuomba kukazia hukumu, ndipo dalali wa mahakama anapoweza kukamata mali na kuiuza. Kwa Sheria ya Mwenendo wa Madai, inayotumika kuanzia Mahakama ya Wilaya kwenda juu, kuna vitu havishikwi: nguo, vyombo vya kupikia, matandiko, vifaa vya fundi vya kazi yake, na nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake, isipokuwa kama aliiweka rehani. Kwa sheria hiyohiyo unaweza pia kuomba mdaiwa awekwe ndani kama mfungwa wa madai, lakini gharama za chakula chake unalipa wewe unayemdai. Ndiyo maana nawaambia watu, kabla ya kulipia ada ya kufungua shauri, wachunguze mdaiwa ana nini: pikipiki, shamba la kahawa, mshahara, kodi anayopokea kwa wapangaji. Mahakama inaweza kuruhusu alipe kwa awamu, na mara nyingi awamu za elfu hamsini zinazolipwa kweli ni bora kuliko milioni ya kwenye hukumu.

Wasaidizi wa kisheria tupo kwenye kata nyingi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Hatuwezi kusimama mahakamani kwa niaba yako kama wakili, lakini tunaweza kukuelekeza, kukusaidia kuandika, na kukuunganisha na wakili wa bure kama huna uwezo. Ukija, acha karatasi za asili nyumbani, beba nakala. Na ulete zote, hata zile unazodhani zinakuumiza.